Umri wa Mti, Umri wa Mlango

Mukau ukitunzwa vizuri katika shamba la Kitui au Makueni hufikia kimo cha kupasuliwa mbao baada ya miaka 12 hadi 15. Katika muda huo umevuka viangazi vingi, umeliwa majani na mbuzi, umepogolewa, umenusurika panga la mchoma makaa. Kisha unakatwa, unakaushwa, unakuwa mlango, na mlango huo unaweza kufa ndani ya miaka mitatu. Mara nyingi mbao haina kosa. Skrubu za hinji ya juu zimelegea, mlango umeshuka upande wa kitasa, umeanza kukwaruza sakafu, na kila anayeufunga anauinua kidogo kwa goti. Siku moja ukingo wa mbao unachanika na skrubu zinatoka na vipande vyake. Kutoka hapo hadi jikoni kuwa kuni si mbali.

Ninashikilia kipimo kimoja katika useremala wa nchi yetu kavu: mlango usiishi miaka michache kuliko ile ambayo mti wake ulichukua kukua. Si kipimo kikubwa. Miaka 15 si umri wa kujivunia kwa mlango. Hata hivyo, milango mingi mipya haifiki hapo, na ninaamini kwamba sababu moja kubwa ni jinsi tunavyoibeba. Tumezoea kuuning'iniza mlango. Kuna njia nyingine, kongwe na ya busara, ya kuuacha usimame kwa miguu yake. Hiyo ndiyo njia ya bawaba za pivoti.

Nauanza mjadala huu na mti kwa makusudi, kwa sababu anayechagua bawaba bila kujua mti umetoka wapi huchagua kwa bei peke yake. Mukau ni mwenyeji wa nyanda kavu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Kenya na Tanzania. Ni wa jamii moja na mwarobaini na mahogani. Kiini chake kina rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, hupigwa randa vizuri, na mchwa hukiogopa, jambo ambalo katika Ukambani lina uzito kuliko sifa nyingine yoyote. Lakini mti huu hauoteshwi ovyo. Mbegu zake zimefungiwa ndani ya kokwa gumu. Mtunza kitalu huliweka kokwa wima juu ya gogo, akaelekeza kisu kwenye ncha yake na kukigonga kwa nyundo ndogo. Akigonga kwa woga halifunguki. Akizidisha, kisu kinapita katikati ya mbegu. Mbegu ikitoka nzima, ncha yake hukwanguliwa, ikalowekwa usiku kucha, kisha ganda lake jembamba likachanwa kidogo kabla ya kulazwa mchangani.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imeishughulikia mbegu hii Kitui kwa miongo kadhaa. Kati ya 2012 na 2017, ikisaidiwa na shirika la JICA la Japani, iliendesha mradi wa kuboresha miti inayostahimili ukame. Mikau bora ilitafutwa nyanda kavu, ikazalishwa, na mashamba ya mbegu yakapandwa Tiva upande wa Kitui na Kibwezi upande wa Makueni. Kwa hiyo mche ambao mkulima wa leo ananunua una nyuma yake watafiti, wafanyakazi wa vitalu na miaka ya kungoja. Ndiyo maana naona uchungu mbao ya mti kama huo ikiangushwa na skrubu nne fupi.

Mizani haidanganyi. Chukua mlango wa mbele wenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 4, wote wa mukau mkavu. Utakuwa na uzito wa kilo 45 hivi. Ukiushika kwa hinji mbili za kawaida zilizoachana mita 1.6, uzito huo haushuki tu. Kitovu cha mlango kiko sentimita 45 kutoka kwenye hinji, kwa hiyo mlango wote unataka kupinduka kuelekea upande wa kitasa. Hinji ya chini inasukumwa ndani ya mwimo, na ya juu inavutwa nje kwa nguvu inayokaribia kilo 13. Inavutwa hivyo mchana na usiku, mlango ukiwa wazi au umefungwa, wenye nyumba wakiwa wamelala. Kinachoizuia ni meno ya skrubu yaliyouma nyuzi za mbao. Nyuzi hizo hunyauka kiangazi, hulowa mvua za vuli, na kila badiliko linayalegeza meno hayo kidogo. Hinji ya tatu husaidia, na skrubu ndefu husaidia zaidi. Lakini mvutano wenyewe hauondoki.

Pivoti hupanga kazi kwa namna tofauti. Ni pini mbili, moja chini ya mlango na nyingine juu, kila moja ndani ya tundu lake, zote zikiwa kwenye mstari mmoja wa wima. Pini ya chini hubeba kilo zote 45 na kuzishusha moja kwa moja kwenye kizingiti na sakafu. Pini ya juu haibebi uzito. Kazi yake ni kuuzuia mlango usianguke. Tamaa ya mlango ya kupinduka bado ipo, ila sasa inapokewa na ubavu wa pini ukibanana na ukuta wa tundu. Hakuna skrubu inayong'olewa kwa kuvutwa. Skrubu zilizopo zinashikilia kibati kisihame tu, na hiyo ni kazi ambayo skrubu huifanya vizuri kwa miaka mingi.

Watu waligundua jambo hili kabla ya kujua kutengeneza hinji za kukunja. Katika Mesopotamia ya kale, nguzo ya mlango ilizunguka ndani ya jiwe lililochimbwa tundu, na baadhi ya mawe hayo yakachongwa majina ya wafalme, akiwemo Gudea wa Lagash, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Milango imeoza zamani. Mawe yamo kwenye makumbusho. Karibu na kwetu, milango ya nakshi ya Lamu na Unguja ilizunguka vivyo hivyo. Mafundi wa pwani waliacha ncha juu na chini ya kila ubawa wa mlango, zikaingia katika matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Ubawa wenye ncha za namna hiyo hauwezi kupachikwa baada ya fremu kufungwa, kwa hiyo fremu na mbawa zake zilibidi ziungwe pamoja na kusimamishwa kama kitu kimoja. Milango ya msaji na mbambakofi iliyotengenezwa hivyo imehamishwa kutoka nyumba zilizobomoka kwenda nyumba mpya na ikaendelea kufunguka.

Ukambani haukuwa mbali na pwani hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na Kivoi wa Kitui alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. Ludwig Krapf alimfikia Kitui mwaka 1849, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya. Naitaja njia hiyo kwa sababu sisi huona vitu vya pwani kama mapambo ya watalii, ilhali ndani ya milango ile mna hesabu ya uzito ambayo fundi wa Mwingi au wa Emali anaweza kuitumia kesho asubuhi.

Na kwa kweli anaitumia tayari, kwenye chuma. Pita barabara yoyote ya Wote au Kitui mjini utazame mageti. Mengi yamechomelewa hinji za vipande viwili: kimoja kina pini iliyoelekea juu, kingine ni bomba fupi linaloketi juu yake. Geti linainuliwa na kushushwa kwenye pini zake, halipigwi skrubu. Mchomeleaji wa geti na seremala wa mlango mara nyingi wanatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, lakini wazo hilo halijavuka ukuta huo vya kutosha.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Si kila mlango unahitaji pivoti, na anayeziweka kila mahali anapoteza fedha za mteja. Mlango mwepesi wa chumba cha kulala utaishi vizuri na hinji tatu nzuri. Pivoti ni za kazi mbili zinazotofautiana sana. Ya kwanza ni mlango mzito: mlango wa mbele wa mukau mzima, mlango mpana wa kanisa au ukumbi, mlango wa ghala. Ya pili ni kazi ndogo ya hali ya juu: kabati la vyombo, kasha, sanduku lenye kifuniko, ambapo hinji kubwa ya kukunja ingeharibu uso wa mbao. Kwa hiyo ya pili kuna pivoti bapa za brasi, vibati viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa pini, vinavyozamishwa juu na chini ya mlango wa kabati hadi visionekane isipokuwa alama ndogo ya njano. Zile zilizopinda zina mkono wake: za kulia haziendi kushoto. Ni vizuri kuamua mlango utafunguka upande gani kabla ya kununua, maana dukani hutarudishiwa fedha kwa sababu ulisahau.

Kwa mlango mzito, maswali ni matatu. Pini ina unene gani na imetengenezwa kwa metali gani? Uzito wote unapita hapo, kwa hiyo chuma cha pua kinashinda brasi kwa mbali. Tundu limeelekea wapi? Katika nchi ya mchanga kama yetu, tundu lililo sakafuni likitazama juu ni bakuli la kukusanyia vumbi, na maji ya kudeki yakiingia hukaa. Afadhali pini isimame sakafuni na tundu liwe chini ya mlango likitazama chini, ili mchanga uanguke wenyewe. La tatu, mlango utatolewaje? Pivoti nzuri ya juu ina pini inayorudishwa ndani kwa bisibisi, au kibati kinachoteleza katika mfereji wake. Swali hili ndilo linalosahaulika, na kwangu ndilo la maana kuliko yote. Mlango usiotoka haurekebishiki, na usiorekebishika tayari umepangiwa siku ya kufa.

Pivoti za dukani aghalabu huagizwa Nairobi, lakini hakuna sababu ya kungoja. Kipande cha chuma laini cha mviringo cha milimita 16, kibati cha milimita 6, na mchomeleaji jirani vinatosha kutoa pini imara ya sakafu. Cha kuangalia ni pini isimame pembe mraba na kibati chake, na kichwa chake kilainishwe kwa tupa. Washa moja ya brasi kati ya pini na mlango itafanya mzunguko uwe mwepesi na kuuinua mlango kwa kiasi unachotaka.

Kwenye kufunga, kazi yote inasimama juu ya jambo moja: pini ya juu na ya chini ziwe kwenye timazi moja. Zikipishana hata kidogo, mlango hautatulia. Utajifungua wenyewe au utajifunga wenyewe, na hakuna kitasa kitakachouponya. Kwa hiyo fundi makini hashiki keekee kwanza. Anadondosha uzi wa timazi kutoka katikati ya tundu la juu hadi kwenye kizingiti, anangoja risasi ya timazi iache kuyumba, anatia alama. Kisha anapima tena kutoka kwenye mwimo, juu na chini, kwa sababu mwimo wenyewe huenda haukusimama wima. Vipimo vikigombana, timazi ndiyo inayofuatwa.

Jambo la pili ni pembe ya nyuma ya mlango, na hapa wengi hukwama. Tuseme mlango una unene wa milimita 40, na pini iko katikati ya unene huo, milimita 20 kutoka ukingoni. Ukingo uko milimita 20 kutoka kwenye pini. Lakini pembe ya mlango iko milimita 28. Mlango ukianza kuzunguka, pembe hiyo inataka kupita mahali ambapo mwimo umesimama, na milimita 8 hazipo. Ama uache mwanya mpana unaoingiza nyoka na vumbi, ama uuviringe ukingo wa nyuma. Fundi huchora nusu duara juu na chini ya mlango kwa bikari, sindano ikiwa mahali pa pini, kisha anapunguza pembe kwa randa, nyuzi ndefu za kahawia zikitoka, hadi ukingo mzima unakuwa mviringo kutoka juu hadi chini. Baada ya hapo mlango unaweza kukaa milimita 3 tu kutoka kwenye mwimo na kuzunguka bila kugusa. Milimita hizo 3 zisipunguzwe. Ni nafasi ya mvua za Novemba, wakati mbao iliyokauka tangu Juni inaanza kunywa unyevu na kutanuka.

Kwa pivoti ndogo za kabati, subira ni ileile ila kipimo ni cha wembe. Kibati kizame sawasawa na unene wake. Kikizidi au kikipungua, mwanya kati ya mlango na kabati unabadilika. Alama huchorwa kwa kisu badala ya penseli, patasi ikaingia katika mkato wa kisu. Skrubu za brasi ni laini na mukau si mlaini, kwa hiyo tundu la kuongoza hutobolewa kwanza, skrubu ya chuma ya ukubwa uleule huingizwa na kutolewa ili ikate njia, kisha ile ya brasi hupakwa nta ya nyuki na kukazwa polepole. Nta haiadimiki Kitui wala Makueni. Ikitumiwa hapa, skrubu haikatiki kichwa, na miaka 20 baadaye itakubali kutoka.

Bei hutajwa, na ni haki itajwe. Mteja akifika karakanani atauliza, “Fundi, mbona hivi vyuma vyako vina bei kuliko hinji?” Fundi mwenye heshima hamkejeli. Anaweza kumjibu, “Mama, hinji nitakuwekea leo ukitaka. Lakini huu mlango ni wa mti uliopanda mwenyewe, nami sipendi uniite kila mvua ikinyesha.” Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ya bei kati ya hinji na pivoti ya kuchomelewa ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya mlango mpya, na ni ndogo zaidi ukiilinganisha na miaka 15 mingine ya kungoja mukau mwingine.

Hili halimhusu mwenye nyumba peke yake. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikatangazwa kuondolewa mwaka 2023. Kitui nayo, mwanzoni mwa 2018, ilipiga vita biashara ya makaa. Hatua hizo zilijadiliwa kwa ukali, na pande zote zilikuwa na hoja. Lakini mjadala wa misitu huishia kwenye shina: nani akate, nani apande. Haufiki kwenye karakana. Mlango ukidumu miaka 30 badala ya 5, katika miaka hiyo 30 mashamba yatatoa mlango mmoja badala ya sita. Hakuna sheria inayoweza kuokoa mbao hiyo. Seremala anaiokoa kwa kuchagua vizuri mahali pa kuweka uzito. Vyuo vya ufundi vya kaunti zote mbili vinafundisha useremala na uchomeleaji. Vinaweza kufundisha pivoti kama somo moja la pamoja, mwanafunzi wa mbao na wa chuma wakitengeneza mlango mmoja.

Nina pendekezo kwa mafundi wa mukau. Kabla mlango haujaingia kwenye pini zake, kwenye ukingo wa juu pasipoonekana, andikeni miaka miwili kwa penseli: mwaka mti ulipopandwa, mkulima akiukumbuka, na mwaka mlango uliposimamishwa. Atakayeutoa mlango huo kuurekebisha ataisoma na kufanya hesabu. Akikuta mlango umeishi muda mrefu kuliko mti, atajua kwamba kazi ilifanywa ipasavyo, na kwamba sasa ni zamu yake kuiongezea miaka. Akikuta bado, atie washa mpya na aurudishe, kwa sababu deni la mti huo halijalipwa.